Petroli Ndani ya Mafuta ya Taa

Nakumbuka siku moja, jua la saa kumi likiwa bado kali pale mwaloni, ufukoni wanapotua wavuvi, niliulizwa swali ambalo jibu lake sikulijua, nami nikalijibu. Mwanangu, makosa yangu ni mengi na mengine nimeshayasahau. Hilo moja limekataa kusahaulika. Mpaka leo, nikipita dukani hapa Buswelu nikasikia harufu ya mafuta ya taa, miguu yangu husimama kidogo kabla ya kuendelea.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtunza stoo kwenye kambi ya dagaa upande wa Igombe. Ilikuwa miaka ile ya uhaba. Sabuni ilikuwa ya foleni, mafuta ya taa yalikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa cha kujuana. Kambini pale ni mimi peke yangu niliyefika kidato cha nne, kwa hiyo wakaniita Fomfoo. Barua ikija, nasoma mimi. Mtu akipewa vidonge hospitali, ananiletea nimwambie anywe vingapi. Injini ikigoma ananiuliza hata fundi, mtu aliyeshika injini kabla mimi sijazaliwa. Nami nilikuwa na jibu kila mara. Mtu akizoea kuulizwa, mwanangu, husahau kuuliza.

Sasa nikueleze kuhusu karabai, maana ninyi mnaona taa za sola zikielea ziwani mkadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Karabai ilikuwa taa ya mafuta ya taa yenye tangi dogo chini. Unalipiga pampu hadi mafuta yapande kwa nguvu, yageuke mvuke, yawake kwenye kitambaa chake kwa mwanga mweupe. Dagaa huufuata mwanga huo usiku usio na mwezi, siku ambazo wavuvi waliziita giza. Giza likiingia kambi nzima inaamka. Mwezi ukitoka watu wanashona nyavu na kusubiri. Bila karabai hakuna dagaa.

Mtunza karabai zetu alikuwa Masanja, kijana wa Kisesa, rika langu na rafiki yangu. Hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka miwili, lakini taa aliijua kwa masikio. Ataisikiliza inavyovuma, atasema, "Hii inakohoa," ukiifungua unakuta kweli kuna uchafu. Kambi za jirani zilikuwa zinamwomba kwa tajiri wetu. Tajiri ndivyo tulivyomwita mwenye mitumbwi, na tajiri alikuwa akikataa.

Siku hiyo tajiri alikuwa mjini. Mtumbwi ukaleta dumu kutoka huko, na wabebaji wakaniuliza waliweke wapi. Mimi nilikuwa kivulini nacheza bao. Nikawajibu bila kuinuka, "Mafuta yamwageni kwenye pipa."

Neno hilo moja tu, mwanangu. Kwangu mimi, mtu wa stoo ya taa, mafuta ni mafuta ya taa. Kwa wabebaji, watu wa injini, mafuta ni petroli. Kila mtu alisikia kwa sikio la kazi yake. Wakamwaga dumu zima la petroli ndani ya pipa lililokuwa na mafuta ya taa hadi nusu, wakachukua vyombo vyao, wakaondoka zao.

Aliyegundua ni Masanja. Alikuja kujaza taa, akafunua pipa, akanifuata pale kwenye bao.

"Fomfoo, pipa lako leo linanuka gari."

"Gari gani?"

"Lori. Njoo unuse mwenyewe."

Nikaenda. Nikanusa. Nikarudisha kifuniko. Mafuta yale yalikuwa ya giza zima, na giza lilikuwa linaingia kesho yake. Kuyamwaga kulikuwa ni kuilaza kambi yote njaa, na mimi kurudi kwetu na sanduku langu.

Masanja akaniangalia usoni. "Wewe umesoma," akasema. "Haya yanatenganishika?"

Hapo ndipo lilipo kosa. Sio kwenye dumu, maana kukosea neno ni ubinadamu. Kosa ni nilichosema baada ya kuulizwa.

Shuleni tulifundishwa jinsi ya kutenganisha vimiminika vilivyochanganyika. Mwalimu wetu wa kemia, Mhaya mmoja mpole aliyevaa tai hata wakati wa joto, alitia maji na mafuta ya kula kwenye faneli ya kioo yenye bomba dogo chini, akaitikisa, akaiacha itulie. Tukaona kwa macho yetu mafuta yakipanda juu, maji yakishuka chini, na katikati mpaka umenyooka kama umepigwa rula. Akafungua bomba, maji yakatoka, na ule mstari ulipofika mdomoni mwa bomba akafunga. Nililipenda somo lile. Somo hilo lilikuwa na sehemu ya pili, kesho yake, na kesho yake mimi nilikuwa Bujora, nimetoroka kwenda kutazama Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma za Kisukuma, wakishindana. Sehemu ya pili niliinakili kutoka kwenye daftari la mwenzangu. Kunakili na kusoma ni vitu viwili, unajua mwenyewe.

Kwa hiyo nilikuwa na nusu ya elimu, na nusu hiyo ilikuwa kweli. Petroli ni nyepesi kuliko mafuta ya taa. Hilo halina ubishi. Nikajibu kwa sauti ile ya mtu anayejua.

"Yanatenganishika. Hiyo ni kemia ya kidato cha tatu. Tuyaache yatulie mpaka kesho. Petroli nyepesi, itakaa juu. Naifyonza kwa mpira, chini yanabaki mafuta ya taa safi."

Masanja akacheka kwa faraja. "Ndiyo maana tunakuita Fomfoo," akasema, akaenda kula.

Asubuhi nilitia mpira juu juu ya pipa, nikafyonza, nikajaza dumu moja kamili, sawasawa na lililoingia. Nikiwa katika kazi hiyo akapita Bibi Minza. Huyo alikuwa mama mtu mzima aliyekuwa na jiko lake nyuma ya stoo. Sangara walikuwa ndio wameanza kujaa ziwani, na yeye alikuwa akichemsha mafuta ya matumboni mwao, anaacha sufuria itulie juani, kisha anayaengua mafuta taratibu na kuyaacha maji. Kazi yake ilikuwa ni kutenganisha, kila siku ya Mungu, ingawa hakuwahi kuisikia kemia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unavuta nini humo?"

Nikamweleza. Akachungulia ndani ya pipa, akauliza, "Mpaka wake uko wapi?"

"Hauonekani, bibi. Ndani ya pipa ni giza."

"Basi chota kwenye chupa, tuutazame juani."

Nikachota. Tukainua chupa kwenye jua. Ilikuwa nyeupe tupu kutoka shingoni hadi chini, haina mstari wowote. Bibi Minza akachovya kidole kwenye mafuta ya pipani, yale niliyoyaita safi, akakipunga hewani.

"Kinapoa," akasema. "Na kinakauka. Mafuta ya taa ninayoyajua mimi yanashinda mkononi mpaka uoshe kwa majivu. Vitu vinavyoachana huwa vinaonyesha mpaka, mjukuu wangu. Hivi havijaachana."

Mwanangu, yule bibi alinipa jibu sahihi bila gharama yoyote. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti uwe na sikio. Mimi nikamjibu hivi:

"Bibi, hii ni kemia. Si mafuta ya sangara."

"Haya, kemia," akasema, akarudi jikoni kwake.

Niseme ukweli, mimi pia niliona kwamba mpaka haupo. Niliona wazi kabisa. Lakini nilikuwa nimeshamwahidi Masanja, na tajiri angerudi jioni, na jina langu lilikuwa Fomfoo. Nikajiambia kwamba vyote viwili havina rangi, ndiyo maana mstari hauonekani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Jua likiwa bado halijazama, Masanja alipanga karabai mchangani ili ajaribu moja kabla ya kuzipakia mtumbwini. Ilikuwa desturi yake. Alijaza tangi, nikamwona anasita kidogo, akaniangalia. Nikampungia mkono kwamba endelea. Akapiga pampu, akawasha.

Sitakueleza sana. Mwako uliruka kutoka kwenye taa hadi kifuani kwake, na mikono aliyokuwa ameshikia tangi ikawaka pamoja nalo. Tulimzima kwa mchanga na gunia lililolowa maji. Alipelekwa mjini kwa mtumbwi wa injini, na alilazwa muda mrefu. Alipona uso, ukabaki na baka la waridi kwenye shavu. Mkono wa kulia vidole vilijikunja vikashikana, havikunyooka tena.

Tajiri alifika jioni hiyo hiyo. Wakati huo nilikuwa nimeshamwaga mafuta yaliyobaki nyuma ya stoo, na dumu nililofyonza nimelitupa pamoja nayo. Akauliza kimetokea nini. Nikasema, "Alipiga pampu kupita kiasi."

Maneno manne. Na maneno yana miguu kuliko mtumbwi wowote. Kabla ya giza lile kwisha, kila mwalo mpaka Kayenze walikuwa wakisema kwamba Masanja wa karabai ni mzembe wa pampu, karibu aunguze kambi. Mtu ambaye matajiri walikuwa wakigombania, sasa hakuna aliyetaka kumwona karibu na taa. Mkono ulichukuliwa na moto. Jina nililichukua mimi.

Nikakaa kimya miezi mitano. Usidhani nilikuwa nalala vizuri. Nilikuwa nikijipa moyo kwa methali, maana hata methali mtu huweza kuitumia vibaya. Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Basi, nikasema moyoni, ngoja utulie wenyewe. Siku moja watajua, na mimi sitakuwa nimesema.

Bibi Minza ndiye aliyekikatisha kimya hicho. Aliniita jikoni kwake mchana mmoja, sufuria iko juani, anaengua mafuta kwa kata yake ndogo. Hakuinua macho.

"Masanja ameruhusiwa hospitali. Yuko kwao Kisesa," akasema. "Umekwenda kumwona?"

"Bado, bibi. Nangoja mambo yatulie."

"Yatulie." Akaendelea kuengua. "Haya ya kwangu nikiyaacha yanatulia, kwa sababu maji na mafuta hayakuwahi kupendana. Wewe uongo wako umeutia ndani ya kweli ukakoroga. Moto uliwaka, kweli. Pampu ilipigwa, kweli. Sasa nani atauona mpaka? Utangoja mpaka Masanja afe, nao utakuwa hivyo hivyo, mweupe kama maji."

"Kwa nini hukusema wewe, bibi? Ulijua."

"Ningesema mimi wangekufukuza tu, basi. Nilikuwa nangoja mtu aliyesoma aseme." Hapo akaniangalia. "Hata wapika gongo wanajua, mjukuu wangu. Kilichoungana hakiachani kwa kungoja. Kinaachana kwa moto. Nenda kaungue."

Nilikwenda Kisesa kesho yake. Masanja alikuwa ameketi nje ya nyumba ya mama yake, anamenya mhogo kwa mkono wa kushoto, mhogo ameubana kwa magoti. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yaliisha nilipomsalimia. Nikamwambia tu kwamba mafuta hayakutengana, kwamba niliona hayakutengana, na kwamba nilimsingizia kwa tajiri.

"Nilijua," akasema.

"La pampu?"

"La mafuta. Nilinusa wakati najaza tangi. Lilikuwa lile lile lori."

Sikuelewa. Nikamuuliza, kama ulijua, kwa nini uliwasha?

Akaweka kisu chini. "Wewe ulisema yametengana. Nikajiambia, pua yangu haijaenda shule."

Mwanangu, nimetukanwa maishani mwangu, nimewahi hata kupigwa. Hakuna lililoniingia kama hilo. Angenitukana ningepata mahali pa kujitetea. Huyu mtu alikuwa na ujuzi wake, ujuzi wa kweli, akautoa na kuuweka chini ya neno langu kwa sababu nilikuwa na cheti. Mimi na cheti changu tukamwacha aungue.

Nikaomba msamaha. Hakukataa, wala hakuukimbilia. Alisema, "Mimi hukunidanganya juu ya pampu, maana nilikuwepo. Uliwadanganya wale. Nenda ukaseme pale uliposemea." Wazee wanasema mwiba hutokea pale ulipoingilia. Yeye alikuwa kijana mwenzangu, lakini siku hiyo aliyekuwa mzee ni yeye.

Nikarudi mwaloni saa ile watu wanaanua dagaa, ili wawepo wote. Tajiri alikuwepo. Nilisimama kati ya vichanja nikasema yote: dumu, mpira, chupa ya Bibi Minza, maneno manne. Mwanzo waliacha kuanua dagaa. Kisha mvuvi mmoja mwenye mdomo akasema, "Kumbe Fomfoo ni Fomwani," wakacheka. Kicheko kile kilinistahili, lakini waliokuwa na uchungu hawakucheka, nao walikuwa wengi. Tajiri alinyoosha mkono.

"Ufunguo."

Nikampa ufunguo wa stoo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho ziwani.

Giza lililofuata tajiri alituma mtu Kisesa. Nilisimuliwa kwamba Masanja alirudi, akawekewa kreti la kukalia mchangani, vijana wakawa wanawasha taa mbele yake kwa mikono yao na yeye anasikiliza. "Hiyo punguza. Hiyo inakohoa. Hiyo peleka." Alifanya kazi hiyo mpaka karabai zenyewe zilipoisha ziwani. Jina lilirudi. Vidole havikurudi, na wala sikuambii habari hii ili useme kwamba yaliisha vizuri. Tulimzika mwaka juzi, na nilipomwaga udongo niliumwaga kwa mkono wangu wa kulia, ulio mzima.

Kabla sijatafuta kazi nyingine nilikwenda kwa mwalimu wangu wa kemia. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, tai shingoni, kisha akauliza, "Siku ya sehemu ya pili ulikuwa wapi?"

"Bujora, mwalimu. Kwenye ngoma."

"Walishinda kina nani?"

"Wagalu."

"Afadhali. Wapo waliopata kitu siku hiyo."

Halafu akanifundisha upya, mimi peke yangu, kwa chaki, kama vile nilikuwa darasa zima. Vimiminika visivyoyeyukana, alisema, unaviacha vitulie, uzito unavipanga, na faneli inamaliza kazi. Vilivyoyeyukana, uzito hauna nguvu tena. Hata ungoje mwaka mzima. Hapo huulizi kipi kizito, unauliza kipi huchemka kwanza. Unapasha joto polepole, jicho kwenye kipimajoto. Kinachochemka mapema kinatoka kama mvuke, kinapita kwenye bomba lililopozwa, kinadondoka kwenye chombo kingine. Huko ndiko kukeneka. Na kama viwango vyao vya kuchemka vinakaribiana, unaupitisha mvuke kwenye mnara mrefu, uwe unapanda na kurudi, unapanda na kurudi, mpaka kila kimoja kijulikane. "Petroli na mafuta ya taa vilitoka pamoja kwenye mafuta ghafi," alisema, "vikatenganishwa hivyo kiwandani, na wataalamu, kwa mitambo. Si kwa sufuria wala pipa. Wewe ulivirudisha pamoja, halafu ukataka viachane kwa kutazamwa." Ningesema tu kwamba lile pipa lilikuwa limeharibika na lisingeokolewa pale mwaloni, ingetosha. Lakini hilo lilikuwa jibu la kusema siku ile, na siku ile ilikuwa imepita.

Sasa nikuambie nilichokuitia, mwanangu, maana umri unakwenda.

Ukijua nusu ya jambo, sema ni nusu. Nusu ya elimu ni hatari kuliko ujinga, kwa sababu mjinga huuliza na mwenye nusu hujibu. Neno "sijui" halijawahi kumuunguza mtu. Ukiona ushahidi unapinga ulichokwisha kusema, fuata ushahidi, hata kama ulikisema mbele ya watu. Na mtu asiye na cheti akikuambia kitu kuhusu kazi anayoifanya kila siku, nyamaza umsikilize, kwani kidole cha Bibi Minza kilijua kile ambacho daftari langu halikujua. Wewe nawe, kama ni wewe uliye na pua na mwenzako ana cheti, usiiweke pua yako chini. Sema unachonusa. Sema mara mbili.

Na ukikosea, usingoje. Yapo makosa yanayotulia yenyewe kwa muda, ugomvi wa ndugu, hasira ya jioni. Hayo yaache yatulie, kuyakoroga ni kuyaharibu. Lakini uongo uliomwangukia mtu mwingine hautulii. Kila siku unayongoja, yeye ndiye anayelipa. Nenda ukaseme, pale pale, mbele ya wale wale, hata kama watacheka.

Mungu akupe ulimi mzito pale usipojua na mwepesi pale unapojua. Akupe marafiki kama Masanja, na akuepushe kuwatendea nilivyomtendea mimi. Uzeeke, mwanangu, na utakapozeeka uwe na machache ya kusimulia kama haya.